Mwalimu wa Kisauni aliyekutana na Sungura Ushelisheli

Ukipita katika mitaa ya Kisauni, Kilifi au Lamu, hukosi kuuona mti mkubwa wenye majani mapana yaliyokatika kama vidole vya mkono, na matunda ya kijani yenye ngozi ya kukwaruza. Watu wa Pwani hulichemsha tunda hilo, hulikaanga kama viazi au hulipika kwa tui la nazi likawa kitoweo cha kutosha nyumba nzima. Jina lake ni shelisheli. Wengi wetu tumelila tangu utotoni bila kujiuliza ni kwa nini tunda hilo na nchi ya Ushelisheli vinaitwa kwa jina moja.

Naam, msomaji, bahari ina kumbukumbu kuliko sisi tunaoishi kando yake. Hilo alilijua mwalimu mmoja wa Kisauni, Mombasa, siku ya Ijumaa moja ya mwezi wa Oktoba, mwaka 2016, akiwa juu ya mlima katika kisiwa cha Mahé, zaidi ya kilomita 1,500 kutoka kwao. Ameomba jina lake libanwe kwa sababu bado anafundisha, na hataki kuwa gumzo la wanafunzi. Lakini kisa chake alikubali kukisimulia, tukiwa tumeketi barazani kwake jioni, huku mwanawe akifanya kazi ya shule kwenye meza iliyokuwa karibu nasi.

KWA NINI ALIONDOKA

Mwalimu huyu hakwenda ng'ambo kwa kutafuta raha. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 31, akifundisha Kiingereza katika shule moja ya kibinafsi Mombasa. Babake alikuwa ameugua kwa muda mrefu kabla ya kuaga dunia, na familia ikaachwa na madeni ya hospitali. Mdogo wake naye alikuwa chuoni akisubiri karo. Mwalimu mwenyewe alikuwa akimlea peke yake mtoto wa kiume wa miaka mitano.

Aliposikia kwamba shule za Ushelisheli zilikuwa zikiajiri walimu kutoka nje, alituma maombi. Alipata mkataba wa miaka miwili. Mtoto akabaki na nyanyake. Mwezi wa Januari 2016, mwalimu akaabiri ndege Nairobi, na baada ya muda wa kama saa tatu angani akachungulia dirishani.

"Niliona milima ya kijani imechomoza kutoka katikati ya bahari," anasema. "Nilijiuliza watu wanakaa wapi, maana sikuona mahali tambarare. Ndege ilishuka karibu na maji hata nikadhani rubani amekosea."

Rubani hakuwa amekosea. Uwanja wa ndege wa Mahé, uliofunguliwa rasmi mwaka 1972, umejengwa ukingoni mwa bahari kwa sababu nchi hiyo haina ardhi tambarare ya kuchezea. Ushelisheli ina visiwa 115, lakini ukiviunganisha vyote pamoja hupati hata kilomita za mraba 500. Kisiwa kikubwa, Mahé, kina urefu wa kilomita zipatazo 27, na mtu mwenye gari anaweza kukizunguka kwa siku moja akapata na nafasi ya kuogelea. Nchi nzima ina watu takriban 100,000, idadi iliyo ndogo kuliko ya wakazi wa Kisauni peke yake.

NCHI ISIYOKUWA NA WENYEJI

Kitu cha kwanza kilichomshangaza mwalimu ni kwamba hakuna Mshelisheli anayeweza kudai kuwa babu zake walikuwako pale tangu enzi na dahari. Hadi mwaka 1770, visiwa hivyo havikuwa na mkazi hata mmoja. Mwaka huo Wafaransa walileta walowezi wa kwanza pamoja na watumwa katika kisiwa kidogo cha Sainte Anne, kinachotazamana na mji mkuu wa leo, Victoria. Waingereza walivitwaa baadaye, wakavitawala hadi tarehe 29 Juni 1976, Ushelisheli ilipopata uhuru.

Waingereza hao hao walivifanya visiwa hivyo kuwa mahali pa kuwafungia wafalme waliowasumbua. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walipelekwa huko baada ya kukamatwa mwaka 1899. Mwanga hakurudi tena akiwa hai. Alifariki huko mwaka 1903.

Kutokana na mchanganyiko wa Wafaransa, Waafrika, Wahindi na Wachina, ilizaliwa lugha ya Kikrioli, ambayo maneno yake mengi yana asili ya Kifaransa. Kila Mshelisheli huongea lugha hiyo nyumbani. Shuleni watoto hujifunza pia Kiingereza na Kifaransa. Nchi yao wenyewe huiita Sesel.

Mandhari, anasema mwalimu, ni ya kumfanya mtu asahau shida zake kwa wiki moja au mbili. Mawe makubwa ya matale yamelala ufuoni kama tembo waliochoka. Mdalasini, ambao sisi huununua madukani kwa vijiti, huota ovyo milimani kama magugu. Katika kisiwa jirani cha Praslin kuna bonde la Vallée de Mai, lenye minazi ya ajabu ambayo mbegu yake ndiyo kubwa kuliko mbegu zote duniani. Sokoni Victoria, samaki huuzwa wakiwa wamefungwa mafungu kwa kamba, na changu wekundu humetameta kama waliopakwa rangi.

"Lakini wiki mbili zikiisha, shida zako hukukumbuka," anaongeza akicheka.

UPWEKE WA MWALIMU

Bei za vyakula zilimtisha, kwa kuwa vitu vingi huletwa kwa meli na ndege kutoka nje. Sukumawiki hakuipata ya kumridhisha. Alipoalikwa chakula na majirani, alipewa kari tamu yenye vijifupa vidogo vidogo, akala hadi akaramba vidole. Alipoambiwa ni nyama ya popo, aliomba maji ya kunywa akanyamaza kimya. Wenyeji wake walicheka hadi machozi yakawatoka, kisha wakampakulia samaki.

Hayo yalivumilika. Lililomkata maini ni darasa. Wanafunzi wake, wa umri wa miaka 13 hivi, hawakuwa watoto wabaya, lakini waliyaona matamshi yake ya Kiingereza kuwa kichekesho. Akisema neno, mmoja nyuma hulirudia kwa sauti yake, na darasa zima likaangua kicheko.

Siku moja msichana aliinua mkono akamwuliza, "Miss, ni kweli unatoka Afrika?"

"Kwani nyinyi mnaishi wapi?" mwalimu akajibu.

"Sesel," wakasema wote kwa pamoja, kana kwamba swali lenyewe halina maana.

Mwalimu aliwaonyesha ramani. Aliwaeleza kwamba nchi yao ni mwanachama wa Umoja wa Afrika. Waliitazama ramani kwa adabu, kisha kengele ikalia wakaenda kucheza. Kwao Afrika ilikuwa nchi ya mbali yenye simba, ambayo mtu huiona katika televisheni.

Miezi ikapita. Kila jioni mwalimu aliketi kibarazani, akitazama bahari upande wa magharibi na kujiambia kwamba maji yale yale ndiyo yanayopiga mwamba wa Mombasa. Ushelisheli iko saa moja mbele ya Kenya, kwa hiyo giza lilipomwingilia, alijua kwao Kisauni jua bado liko juu na mwanawe bado yuko nje akicheza.

Usiku wa Alhamisi, alipiga simu nyumbani kama kawaida. Nyanya mtu akampa mtoto simu. Mtoto akasikiliza kidogo, kisha mwalimu akamsikia akiuliza, "Bibi, huyu ni nani?"

"Sikulia," anasema mwalimu. "Nilikata simu, nikachukua karatasi, nikaandika barua ya kuvunja mkataba. Niliitia kwenye mkoba ili niipeleke ofisini Jumatatu. Nilipiga hesabu ya madeni yaliyobaki, nikaona heri nidaiwe nikiwa na mwanangu."

SAFARI YA MLIMANI

Ijumaa hiyo ilikuwa siku ya matembezi. Mwalimu wa historia, mama mmoja wa makamo aliyekaribia kustaafu, alikuwa akiwapeleka wanafunzi mlimani kutazama magofu, na alihitaji mtu mzima wa kumsaidia kuwachunga. Mwalimu wa Kisauni alikubali kwa shingo upande. Usiku ule hakuwa amelala hata lepe.

Basi lilitoka Victoria likaanza kuikwea barabara ya Sans Souci. Wanaoifahamu barabara hiyo hawahitaji kuelezwa. Inajipindapinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia, upande mmoja mwamba na upande mwingine bonde. Wanafunzi waliimba, wakarushiana vitumbua na maganda, huku baridi ikizidi na ukungu ukishuka kutoka kilele cha Morne Seychellois, mlima mrefu kuliko yote nchini humo, wenye urefu wa mita 905.

Waliteremka mahali paitwapo Mission Lodge. Njia ya kuingilia imepangwa miti mikubwa mizee pande zote mbili, na mwishoni kuna jukwaa lenye paa ambapo mtu husimama akauona upande wote wa magharibi wa kisiwa, misitu ikiteremka hadi baharini. Malkia Elizabeth wa Uingereza aliwahi kunywa chai hapo mwaka 1972. Watalii wengi huja, hupiga picha ya mandhari, huondoka. Wachache hugeuka nyuma kuyatazama mawe yaliyofunikwa na kuvu chini ya miti.

Mwalimu wa historia aliwaketisha wanafunzi juu ya mawe hayo.

"Mmekalia shule," aliwaambia.

WATOTO WA MAJAHAZI

Ndipo akawasimulia, na hapa, msomaji, inafaa tusimame kidogo, kwa sababu habari hii inatuhusu sisi pia.

Utumwa ulipigwa marufuku Ushelisheli mwaka 1835. Lakini biashara ya kuwauza watu ilikuwa ingali ikiendelea huku kwetu, katika pwani ya Afrika Mashariki. Manowari za Uingereza zilikuwa zikizunguka baharini kuyasaka majahazi yaliyobeba watumwa. Jahazi likikamatwa, swali lilikuwa ni wapi pa kuwapeleka waliokombolewa. Kuwarudisha walikotekwa, mwendo wa majuma mengi bara, hakukuonekana kuwa jambo linalowezekana. Wangeachwa pwani, wangetekwa tena.

Kuanzia mwaka 1861, wengi wao walishushwa Mahé. Katika muda wa kama miaka kumi hivi, zaidi ya watu 2,000 waliletwa huko. Wengi walikuwa wametoka sehemu ambazo leo ni Msumbiji, Malawi na Tanzania. Waliitwa watu huru, lakini walipofika waligawiwa kwa mikataba kwa wenye mashamba waliokuwa wakililia wafanyakazi. Uhuru wao, kwa hiyo, ulianza na jembe la mtu mwingine.

Kati yao walikuwamo watoto wengi. Mwaka 1876, chama cha wamishenari wa Kianglikana, CMS, kilianzisha shule ya watoto hao juu ya mlima ule. Kiliiita Venn's Town, kwa heshima ya Henry Venn, aliyekuwa katibu wa chama hicho. Wavulana na wasichana walilala mabwenini, wakafundishwa kusoma, kuandika na dini, na pia walilima. Mchoraji wa Kiingereza, Marianne North, alifika hapo mwaka 1883 akachora picha za mahali hapo. Shule ilifungwa mwaka 1889. Msitu ukaimeza, yakabaki mawe ya msingi na jina. Mwaka 2013, Ushelisheli iliyaweka magofu hayo katika orodha ya mahali inapopendekeza patambuliwe na UNESCO kuwa urithi wa dunia.

Mwalimu wa Kisauni alikuwa akisikiliza akiwa amesimama pembeni. Lile jina la CMS lilimgutusha. Alilifahamu, lakini hakukumbuka alilisikia wapi. Kisha akakumbuka.

Karibu na nyumbani kwao Mombasa, pale Kengeleni, panasimama kengele kuukuu iliyoning'inizwa juu ya nguzo za mawe kando ya barabara. Alipokuwa mtoto, Kengeleni kwake ilikuwa ni mahali pa kupandia matatu tu. Kengele ile ni ya Frere Town, makao ambayo chama hicho hicho cha CMS kiliyaanzisha mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa kutoka majahazini. Jina Frere ni la Sir Bartle Frere, aliyetumwa na Uingereza mwaka 1872 kumshinikiza Sultani Barghash wa Zanzibar akomeshe biashara ya watumwa. Inasimuliwa kwamba kengele hiyo ilipigwa kuwaonya wakazi wanapoonekana wateka watu.

Mwaka mmoja tu unatenganisha Frere Town na Venn's Town. Ni bahari moja, ni biashara moja, ni chama kimoja. Mtoto aliyekamatwa katika jahazi hili alipelekwa Mombasa, na ndugu yake aliyekuwa katika jahazi jingine angeweza kushushwa Mahé. Wazawa wa huyu wa kwanza leo ni Wakenya. Wa huyu wa pili ni Washelisheli. Na wazawa wa huyu wa pili, mwalimu aligutuka kutambua, ndio hao waliokuwa wakimcheka matamshi kila siku.

SWALI LA MVULANA

Mwalimu wa historia alipomaliza, alimgeukia mwenzake. "Mwenzangu huyu ametoka ng'ambo ile," aliwaambia wanafunzi. "Mombasa. Majahazi mengine yalipelekwa kwao."

Kikawa kimya. Kisha mvulana mmoja, yule yule aliyekuwa bingwa wa kuigiza sauti yake darasani, akainua mkono.

"Miss, hao watoto walipochukuliwa, kuna mtu yeyote kwenu aliyekuja kuwatafuta?"

Mwalimu anasema alifundisha kwa miaka minane kabla ya siku ile, na tangu siku ile ameendelea kufundisha, lakini hajaulizwa swali jingine lililomlemea namna hiyo. Aliyafikiria majahazi. Akawafikiria akina mama walioachwa bara, ambao hata hawakujua kuna kisiwa kiitwacho Mahé. Akaifikiria na sauti ya mwanawe kwenye simu: Bibi, huyu ni nani?

"Wazazi wao hawakuweza," alijibu hatimaye. "Hawakujua wamepelekwa wapi. Nimekuja mimi, ingawa nimechelewa sana."

Hakuna aliyecheka.

PAUKWA!

Mvua nyepesi ilianza kunyesha, wakakimbilia chini ya paa la jukwaa. Basi lilikuwa bado halijarudi. Mwalimu wa historia, mtu mwenye busara, akaona wanafunzi wamenyongea kupita kiasi. Akamwomba mwenzake awasimulie hadithi ya kwao.

Mwalimu hakuwa amejitayarisha. Aliichukua ile iliyokuwa karibu zaidi na ulimi wake, ile aliyokuwa akimsimulia mwanawe kabla ya kulala. Aliwafundisha kwanza kwamba yeye akisema "Paukwa!" wao waitikie "Pakawa!" Wakaitikia kwa nguvu hata ndege wakaruka mitini.

Akaanza. Hapo zamani kulitokea ukame mkali. Mito ikakauka. Wanyama wote wakakutana wakakubaliana kuchimba kisima. Kila mmoja alichimba kwa zamu yake, isipokuwa mmoja, mvivu na mjanja, aliyesema kwamba yeye hana haja ya kisima. Mnyama huyo aliitwa Sungura.

"Soungoula!" akapiga kelele msichana mmoja.

Mwalimu akadhani hakusikia vizuri. Darasa zima sasa lilikuwa limesimama. "Soungoula! Soungoula!"

Kumbe kila mtoto wa Ushelisheli anamjua Soungoula. Ndiye mjanja wa hadithi zao za kale, mwenye kuwachezea shere wakubwa na wenye nguvu, na pengine kunaswa kwa ujanja wake mwenyewe. Nyanya zao huwasimulia habari zake kwa Kikrioli. Wao walimjua kuwa ni wa kwao, Mshelisheli halisi, kama popo na mdalasini. Hawakuwa wamewahi kusikia kwamba katika nchi nyingine jina hilo ni la mnyama mwenye masikio marefu anayekimbia nyikani.

"Basi anayajua maji?" mwalimu akawauliza. "Nini kinatokea pale kisimani?"

Wakamzuia asiseme. Wakaimalizia wenyewe, wakipokezana, nusu kwa Kiingereza na nusu kwa Kikrioli: jinsi mjanja alivyokwenda kunywa maji ya wenzake usiku na kuyachafua, jinsi walinzi wenye nguvu walivyoshindwa kumkamata, na jinsi alivyokamatwa hatimaye na mnyama ambaye hakuna aliyemtarajia. Kwao ni torti. Kwetu ni kobe, aliyejipaka ulimbo mgongoni akajilaza majini kimya kama jiwe.

Mwalimu wa Kisauni alisimama mdomo wazi. Kobe alikuwa yule yule. Ulimbo ulikuwa ule ule.

"Ndipo nikaelewa," alimweleza mwandishi huyu kwa sauti ya chini. "Wale watoto walinyang'anywa kila kitu. Nguo, wazazi, hata majina yao walibadilishiwa. Waliobakia nacho ni kile kilichokuwa kichwani. Jahazini walikuwa na Sungura, na hakuna nahodha aliyeweza kumwona ili amtupe baharini."

Katika basi wakati wa kurudi, wanafunzi walimfanyia mtihani wa maneno. Walimtajia zez, ala ya nyuzi ya wazee wao, naye akawaambia kuhusu zeze. Walimweleza kuhusu moutya, ngoma ambayo watumwa walikuwa wakiicheza usiku kando ya moto, na jinsi ngoma zake za ngozi ya mbuzi zinavyooteshwa moto kwanza ili zilie vizuri. Akawaambia kwamba hata kwao Pwani ngoma huoteshwa moto. Miaka mitano baadaye, mwaka 2021, UNESCO iliitambua moutya kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu wote.

SIMU YA JIONI

Jioni ile mwalimu alipiga simu nyumbani tena, ingawa haikuwa zamu yake ya kupiga. Nyanya mtu akamkabidhi mtoto. Safari hii mwalimu hakumwuliza amekula nini wala kama anasoma kwa bidii.

"Paukwa!" alisema.

Kimya. Sekunde zikapita, na mwalimu anasema alizihesabu kama shilingi za mwisho mfukoni.

"Pakawa," sauti ndogo ikaitikia.

Akamsimulia habari za Sungura aliyepanda jahazi akaenda mbali sana, akabadili jina kidogo, lakini tabia ikabaki ile ile. Mtoto alicheka. Alitaka kujua kama Sungura alirudi kwao. Mwalimu akamwambia hiyo ni hadithi ya Ijumaa ijayo.

Basi ikawa desturi. Kila Ijumaa, kwa miezi kumi na minne iliyobaki, hadithi moja ilivuka bahari kwa simu. Barua ya kuvunja mkataba hakuipeleka ofisini. Hakuichana pia. Iliendelea kukaa mkobani, na siku ngumu zilipokuja, kwa maana zilikuja nyingi, aliigusa akaiacha hapo. Upweke haukuisha kwa siku moja, na wanafunzi waliendelea kuyaigiza matamshi yake, ila sasa walimwigiza hata akisema "Paukwa", na hilo alilipenda.

Mwezi wa Desemba 2017 alirudi nyumbani. Madeni ya hospitali yalikuwa yamelipwa yote, na mdogo wake alikuwa amebakisha muhula mmoja chuoni. Uwanjani, mtoto alimtazama kidogo kwa haya, kisha akamwuliza kama Sungura amekuja naye.

KENGELE ILE ILE

Leo mwalimu huyu anafundisha tena Kisauni. Kila mwaka huwachukua wanafunzi wake kwa miguu hadi Kengeleni. Hawahitaji basi wala pesa za kiingilio. Huwasimamisha mbele ya kengele, makelele ya matatu yakiwazunguka, na kuwauliza ni wangapi hupita hapo kila siku. Mikono yote huinuka. Kisha huwauliza ni wangapi wanaojua kengele ile ilipigwa kwa ajili ya nani. Mikono hushuka.

Ndipo huwasimulia habari za watoto wa majahazi, waliofikishwa hapa na waliofikishwa kule, na humalizia kwa Sungura. Anasema swali la yule mvulana wa Mahé hulirudia kwao kila mara, ili na wao walibebe: kuna mtu yeyote aliyekuja kuwatafuta?

Kwa wasomaji wenye uwezo wa kusafiri, Ushelisheli haiko mbali kama inavyodhaniwa. Ni mwendo wa kama saa tatu tu kwa ndege kutoka Nairobi. Mwezi wa Oktoba ni mzuri kwa sababu pepo za kusi huwa zimetulia, na mwishoni mwake husherehekewa tamasha la Wakrioli, lenye ngoma, vyakula na hadithi. Ukifika, usiishie ufuoni. Panda Sans Souci, ukiiona mandhari geuka nyuma uyatazame na mawe.

Lakini asiye na nauli asijione amepunjwa. Siku utakapopita Kengeleni ukiwa umemshika mtoto mkono, simama dakika mbili umwonyeshe kengele. Jioni ukimpikia shelisheli, mweleze kuna nchi yenye jina hilo, na kwamba huko wako watoto wanaomjua Sungura kama anavyomjua yeye. Waswahili walisema, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Wako waliokwenda wasipate marejeo. Angalau sisi tuliobaki tusiache kuwataja.